Nilivyojifunza kuona bakteria kwenye ngozi iliyobanduka kwa dawa

Nimewauguza wagonjwa wa sindromu ya Stevens-Johnson, yaani mwili kuikataa dawa vikali hadi ngozi inabanduka, na wale wa hali iliyo kali zaidi, ambao ngozi hubanduka kupita asilimia 30 ya mwili. Dawa zinazosababisha ni za kawaida tu: karbamazepini ya kifafa, alopurinoli ya gauti, nevirapini ya VVU, na kotrimoksazoli, ambayo ni antibiotiki.

Ugumu ni kwamba dalili tulizozoea za maambukizi mgonjwa anazo tangu mwanzo. Ana homa, ngozi inauma na kuvuja majimaji, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini viko juu, na bakteria huenda hawajaingia bado. Ukifuata homa peke yake utampa kila mtu antibiotiki. Kuzitoa kwa kujikinga tu hakupendekezwi: zinalea vimelea sugu, nazo zenyewe zaweza kuleta mzio mwingine.

Kwa hiyo mimi humlinganisha mgonjwa na alivyokuwa jana. Kila zamu naweka alama kwenye mchoro wa mwili: wapi pamekauka, wapi pabichi. Mahali palipoanza kufunga pakilowana tena, au maumivu yaliyokuwa yametulia yakirudi sehemu moja, nashtuka. Vigaga vya manjano hunifanya nifikirie bakteria aitwaye stafilokokasi. Shashi ikitoka na rangi ya kijani, nafikiria bakteria mwingine, sudomonasi. Lakini ngozi iliyokufa ikilowana huwa ya kijivu na kunuka kidogo, na huo si usaha. Hapo wengi hukimbilia dawa bure. Kwa mgonjwa mweusi wekundu haujitokezi vizuri, basi natumia mkono: joto, uvimbe, ugumu pembeni mwa kidonda.

Sampuli nachukua sehemu kadhaa, hasa penye vigaga, na kurudia mara kwa mara. Kimelea kuota maabara hakutoshi, maana ngozi iliyo wazi haikosi wageni. Ila kimelea kilekile kikiota kwa wingi kutoka sehemu mbalimbali, hiyo ni habari nyingine.

Linalonitia hofu kuliko homa ni joto la mwili kushuka ghafla, mgonjwa kutetemeka, kuchanganyikiwa, mkojo kupungua, presha kuteremka. Hizo ni dalili za sepsisi, yaani maambukizi yanapoufanya mwili udhuru viungo vyake wenyewe, nayo ndiyo inayoua wengi wao. Hapo namwita daktari papo hapo: damu inachukuliwa ya kuotesha, antibiotiki inaanza bila kungoja majibu, na dripu iliyopita kwenye ngozi iliyobanduka inahamishwa kama pana ngozi nzima ya kuihamishia.