Ile mbegu ya mabuyu

Wacha niandike yote mara moja, mwanangu alivyokabwa na mbegu ya mabuyu, manake kila nikikutana na mtu sokoni ni "eti mtoto ilikuwaje?" na mie nimechoka kuhadithia nusunusu na mifuko ya nyanya mkononi.

Mwanangu wa mwisho ana miaka miwili na ushee, tunakaa Likoni, Mombasa, na kwenda mjini ni kuvuka kwa feri. Siku hiyo alasiri watoto wa wifi walikuja na mabuyu, yale mekundu ya pilipili, wakakaa barazani wanamumunya na kutema mbegu, vidole vyekundu midomo myekundu, na huyu mdogo naye akajipenyeza katikati yao. Mie niko jikoni naunga mchuzi. Nikasikia kikohozi kimoja kikali halafu kimya, na kile kimya ndo kilinitoa mbio, kwa sababu mtoto akikohoa kwa nguvu au akilia ujue pumzi bado yapita, anayenyamaza ghafla ndo wa kuogopa. Nilimkuta kakodoa macho, mdomo wazi, sauti hamna, na midomo hata huwezi kujua kama imebadilika rangi au ni mabuyu tu.

Wifi yangu Mungu ampe umri mrefu. Afanya kazi hotelini Diani na kule walifunzwa huduma ya kwanza. Akaninyang'anya mtoto, akamlaza kifudifudi mapajani kichwa chini, akampiga katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, tano, akaangalia, hamna, akamsimamisha akamkumbatia kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, akavuta kwa ndani na juu, tano tena, halafu akarudia mgongo. Kwa mtoto aliyepita mwaka ndo hivyo, mchanga wa chini ya mwaka tumbo halibonyezwi, wabonyeza kifua. Ile mara ya pili mtoto akakohoa, akavuta pumzi, akaangua kilio. Wallahi sijawahi kukipenda kilio kama kile.

Majirani walikuwa washajaa. Huyu mpe maji, huyu mtie kidole uitoe, mwengine mpe tonge la ugali alimeze lisukume. Tonge tumelizoea kwa mwiba wa samaki, lakini huku ni njia ya pumzi, si njia ya chakula, ukimpa tonge wamuongezea kitu cha pili cha kumkaba. Na kidole bila kuona kitu chenyewe ndo wakisukuma ndani zaidi. Mmoja alikuwa ashaanza inna lillahi, nikamkata jicho akanyamaza.

Sasa hapa ndo pale watu wengi hawapajui. Baada ya muda mfupi mtoto akawa mzima kabisa, anacheza, ataka hata mabuyu mengine! Mamamkwe akaniambia, "Mwanangu, kashapoa, muache alale." Na mama huwa hakosei sana mambo ya watoto, kalea wengi. Lakini hakuna aliyeiona ile mbegu ikitoka. Baraza lote limejaa mbegu, utaijua ipi? Nikaweka sikio kifuani kwake nikasikia kafilimbi kembamba, upande mmoja tu. Nikamwambia, "Mama niwie radhi, mie nampeleka."

Tuktuk mpaka feri, na foleni ya magari ndo ile mwaijua. Dereva mwenyewe akasema dada shuka ukimbie kwa miguu, mie hapa sitoki leo. Tukateremka ule mteremko na umati wa jioni, wifi mbele akipiga kelele "mpisheni mgonjwa!" na watu wakapisha kweli. Ng'ambo waiona pale pale, mkono mwembamba tu wa bahari, lakini siku hiyo niliona feri haisogei.

Zahanati ya kwanza tuliyoingia walisema ni pumu, wakataka kumvutisha dawa tukarudi nyumbani. Nikawaambia mabuyu, nikarudia mabuyu, naona hawanisikii, tukatoka tukaenda hospitali kubwa. Hapo sista alivyoona shati la mtoto akashtuka, "anatapika damu?" Nikamwambia hapana sista, ni rangi ya mabuyu. Akacheka. Halafu ile kusikia mabuyu kicheko kikakatika akaenda kumuita daktari.

Daktari alitueleza taratibu. Kitu kikipita kooni kikaingia njia ya pumzi, mara nyingi huangukia pafu la kulia kwa sababu bomba la upande ule ni pana na limenyooka zaidi. Kikishatulia pale kikohozi hupungua, mtoto anaonekana mzima, mwaenda nyumbani, halafu baadaye ndo yaja homa, nimonia isiyosikia dawa. Tena eksirei yaweza isiionyeshe mbegu yenyewe, manake si chuma wala mfupa. Kwa mwanangu walichoona ni pafu moja limejaa hewa kuliko la pili, yani hewa yaingia lakini kutoka imezibwa. Dawa ni kumlaza kwa usingizi na kuingiza bomba lenye kamera kuitoa, wenyewe waita bronkoskopi.

Kabla ya usingizi asile kitu kwa muda wa masaa sita. Jamani. Mtoto wa miaka miwili analilia chai na huwezi kumpa, anakupiga makofi ya uso, na wewe watabasamu. Babake akafika kutoka kazini na sare yake ya bandarini, akatia sahihi fomu. Mie nikaambiwa nilipe pesa kidogo dirishani, nikatoa simu, namba ya siri ya M-Pesa ninayoibonyeza kila siku ikanitoka kichwani! Nikasimama pale nabonyeza hewa. Mpaka hapo sikuwa nimelia hata chozi, nikalia mbele ya keshia.

Waliitoa. Wakatuonyesha kwenye kichupa, nyeusi, ndogo kuliko ukucha wangu, sukari na rangi yote imetoka.

Mtoto alisahau kabla hata hatujafika nyumbani. Mie ndo nilibaki. Usiku nashtuka namuwekea mkono puani, mtu akikohoa mezani mchuzi wanimwagikia, na babake akawa ataka kila kitu kisagwe. Sista alishaniambia haya huja na hupungua, niongee na niseme, nisijitie ushujaa, ndo maana naandika. Daktari naye alisema njugu nzima, bisi na vitu vya mbegu mbegu vingoje mpaka avuke miaka mitano. Mabuyu hatujayapiga marufuku nyumbani, hii ni Mombasa, utayapiga marufuku vipi? Wakubwa wayala mezani, wamekaa, mbegu kwenye bakuli, na mdogo akilia apewa embe.

Jumamosi mie na wifi na majirani zangu wanne, yule wa inna lillahi akiwemo, twaenda kufunzwa huduma ya kwanza. Babake atabaki na watoto.