Siku moja maishani mwangu: katani iko Tanga, karatasi ziko London

Saa 12 asubuhi natoka Ngamiani kwa baiskeli. Saa 1 niko ghalani: marobota 400 ya katani, tani 100, daraja la 3L. Nyuzi zina rangi ya siagi, na vumbi lake linawasha shingo. Mzigo kama huu uliondoka wiki iliyopita, na hati zake ndizo zitakazonikalisha leo.

Mimi ni wakala wa forodha.

Saa 4 benki ya Dar inapiga simu. Ankara imeandikwa "3L", hati ya shehena "3". Benki ya mnunuzi, London, haitalipa hati zisipolingana.

"Mzee, kwa herufi moja tu?" namuuliza bosi.

"Herufi moja ni pesa, mwanangu."

Wakala wa meli hawezi kusahihisha hapa. Ruhusa inatoka ofisi yao ya Dar. London nako ni majira ya baridi sasa, saa 3 asubuhi yao ni saa 6 mchana yetu. Tunangoja.

Kungoja huku ndiko kulikonifanya nifuatilie kazi ya mwanajiografia Peter Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza. Wanapopanga miji ya dunia hawahesabu meli wala marobota. Wanahesabu ofisi za kampuni za uhasibu, sheria, benki, bima, matangazo na ushauri. Kila ofisi hupewa alama, 0 pale isipokuwepo hadi 5 kwa makao makuu, na miji yenye ofisi za kampuni moja huhesabiwa kuwa imeungana. London na New York ndizo za juu kabisa. Mimi nakubaliana nao, maana naiona kila siku: mkonge ulifika Tanga 1893, mwaka uleule reli ilipoanza kujengwa hapa, na hadi leo jibu la "mlipwe" au "msilipwe" linatoka mji mwingine. Inaniuma.

Saa 9 ruhusa ya Dar inaingia. Saa 10 hati mpya imegongwa muhuri, nakala imeshatumwa.

Saa 11 jioni binti anayejifunza kazi kwetu hataki kuondoka. Ameshika cheti cha bima ambayo mnunuzi ameikata London.

"Dada, hiki tungeweza kukiandika sisi?"

Navuta kiti. Tunaanza na kifungu cha kwanza, hatari za baharini, neno kwa neno, mpaka mlinzi anakuja kuuliza kama afunge geti.