Bunduki ya mti

Mjomba hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mgambo: asubuhi yuko kwenye mikorosho yake, jioni yuko uwanja wa shule anapiga kwata, begani bunduki ya mti aliyoichonga mwenyewe. Sisi watoto tulimfuata nyuma na mabua yetu, "kushoto, kulia," mpaka kamanda atufukuze.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliteka nchi hadi mto Kagera. Kila mkoa ukatakiwa kutoa vijana. Sisi wa Mtama, huku Lindi, vita tulizoea kuitazamia kutoka ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno, na Mreno alikuwa ameshaondoka. Bibi aliuliza kama huko Uganda ni mbali kupita Dar es Salaam. Mjomba akacheka, akasema atarudi kabla korosho za mwaka ule hazijaisha kuokotwa. Bunduki ya mti aliiacha nyuma ya mlango.

Masika barabara ilifungwa pale Rufiji, kama kila mwaka. Aprili redio ikatangaza Kampala imeanguka, kijiji kizima tukacheza ngoma mpaka alfajiri, na Bibi alicheza. Mjomba alikuwa amekufa tangu Machi.

Habari ilikuja Mei. Mwenyekiti wa kijiji alitangulia, nyuma yake askari kijana mwenye buti za tope. Hawakukaa. Walipokataa kiti tu, Mama akajua, akaketi chini pale pale penye pumba.

Bibi hakulia. Alimtazama yule kijana.

"Mmemzika?"

"Tumemzika, mama."

"Na nani?"

"Na wenzake."

"Wenzake wangapi?"

Kijana akageuka kumtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama mikorosho.

Baadaye sana waliorudi walitutajia Lukaya, kwenye bwawa la mafunjo njia ya Masaka kwenda Kampala. Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, ilitawanyika usiku wa Machi 10, kisha ya 208 ikazunguka na kuwatokea askari wa Amin kwa nyuma. Kama Mjomba alianguka palepale au mbele zaidi, kila aliyerudi alikuwa na lake.

Matanga bila maiti yana shida yake. Hakuna wa kuoshwa, hakuna kaburi la kuchimba, wanaume wanazurura uani hawajui mikono waiweke wapi. Sheikh akasalisha sala ya ghaibu. Mzee mmoja akashauri tuifukie ile bunduki badala yake. Sheikh akakataa, mti hauzikwi. Mwingine, nadhani alitaka kutufariji, akasema afadhali alikuwa mgambo tu, si askari kamili. Mama alimnyang'anya kikombe cha kahawa mkononi, akakimwaga uani. Yule bwana hakurudi tena mpaka arobaini.

Watu walipotawanyika Bibi akaichukua bunduki nyuma ya mlango. Nilidhani anaitia jikoni. Akaenda nayo bandani, akaipitisha kwenye vitanzi vya kamba, ikawa komeo la kuku.

Kila magharibi aliifunga, kila alfajiri aliitoa. Kwenye kitako Mjomba alikuwa amechonga herufi mbili za jina lake kwa ncha ya kisu. Nilipomaliza darasa la saba zilikuwa hazisomeki tena, zimelainishwa na kiganja cha Bibi.