Jinsi nilivyofika mahali pa kuziamini namba za presha nyumbani

Mwanzoni namba zangu hazikushikika. Nilikuwa nikitoka soko la Kibuye kwa miguu, jua la saa saba utosini, naketi na kufunga mkanda wa mashine ya presha mkononi papo hapo: 162/98. Nikipumzika, 144/88. Mashine ilikuwa nzima. Mwili ndio ulikuwa bado njiani.

Sasa napima asubuhi kabla ya chai na dawa, tena jioni kabla ya kula. Kwanza naenda msalani, maana kibofu kikijaa presha hupanda. Naketi dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo sakafuni, miguu bila kupishana, kimya. Kuongea tu huongeza namba. Mkono naulaza mezani juu ya leso iliyokunjwa, hadi mkanda ukae usawa wa moyo. Hapa wengi hupuuza: mkanda ukiwa sentimita 10 chini ya moyo, namba hupanda kwa karibu 8.

Mkanda wenyewe ulinipotosha kwa muda mrefu. Uliokuja na mashine umeandikwa sentimita 22 hadi 32, na mkono wangu una mzunguko wa 35. Mkanda unaobana hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Nilinunua mpana, naufunga kwenye ngozi tupu, vidole viwili juu ya kiwiko.

Napima mara mbili, dakika moja katikati, naandika zote, hata inayoniudhi. Nafanya hivyo siku 7 kabla ya kliniki. Namba za siku ya kwanza nazitupa, zilizobaki natafuta wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, presha ya juu huanzia 135/85, ingawa kliniki ni 140/90.

Presha hukakamaza kuta za ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, na kunenepesha misuli ya moyo kwa miaka bila kuuma popote, kwa hiyo kusema "kichwa hakiniumi" hakunisaidii kitu. Daftari ndilo lililomwonyesha daktari kwamba dawa moja haitoshi. Na vifundo vya miguu vilipovimba kwa amlodipini, mojawapo ya dawa zangu za presha, sikuiacha kimyakimya, nilirudi akanibadilishia.

Nikiona 180/120, napumzika dakika chache na kurudia. Ikibaki hapo, napiga simu kliniki siku hiyohiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, pumzi kukata, mdomo kupinda au mkono kulegea, daftari linabaki mezani na jirani anatafuta gari la hospitali, hata iwe saa nane za usiku.