Moyo wa Kanga, Chaki na Watu Ishirini

Saa kumi na nusu jioni, uwanja wa nyuma ya hosteli. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeshinda kwenye raundi wodini sasa anawafundisha wa mwaka wa kwanza mzunguko wa damu kwa maigizo, kila mtu akiwa sehemu ya moyo, naye kavaa masweta matatu ya mtumba juu ya mto uliofungwa kifuani. Yeye ndiye ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu. Wacheke tu, ila vazi lina kazi: ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene takriban mara tatu ya ule wa kulia, na mwenzake wa kulia kavaa fulana moja. Vazi lisilofundisha kitu libaki kwenye begi. (Na nguo za mabaka ya kijeshi zibaki dukani kabisa, mzaha wake huishia kituo cha polisi.)

Chora moyo kwa chaki, mita nne kwa nne, kama unavyouona kwa mgonjwa aliyekuelekea: upande wa kulia wa moyo uwe kushoto kwa watazamaji. Usipowaambia hili mapema, nusu ya kipindi italiwa na ubishi wa kulia na kushoto.

Watu wengi huenda kwenye vali, yaani milango ya damu ya moyo, na kila mtu ni bawa moja la mlango. Trikuspidi, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kulia, ina mabawa matatu, mitrali, mwenzake wa kushoto, mawili, vali ya ateri ya mapafu matatu, ya aota (ateri kuu iendayo mwilini) matatu. Jumla watu kumi na mmoja, bega kwa bega. Ongeza ventrikali mbili, misuli miwili ya kushika kamba za mabawa, damu wanne na mpiga filimbi mmoja, unapata ishirini. Moyo halisi una misuli ya kamba zaidi ya hiyo, lakini mmoja kila upande anatosha.

Mabawa ya mitrali na trikuspidi yafungwe kamba ya katani kiunoni, ncha ya pili ishikwe na msuli aliye ndani ya ventrikali. Mlango ukifunguka kamba inalegea, ukifungwa inakaza. Wengi hudhani kamba ndiyo inayovuta mlango ufunguke. Hapana, inauzuia usipinduke kwenda chumba cha juu. Ndiyo maana mpira wa tyubu haufai hapa: unanyumbuka, bawa linapitiliza, na mnajikuta mnafundisha ugonjwa kabla ya uzima.

Damu wawili waanze kulia na kanga za bluu, wawili kushoto na kanga nyekundu, kila mmoja akiwa na rangi zote mbili begani. Weka kiti kimoja kiwe mapafu, kingine kiwe mwili. Kwenye mapafu bluu inavuliwa, nyekundu inavaliwa. Kwenye mwili ni kinyume. Mtego uko hapa: aliyekariri kuwa ateri ni nyekundu atakwama kwenye ateri ya mapafu, ambayo damu yake ina oksijeni kidogo. Ateri hutoka moyoni, vena hurudi moyoni, rangi ni jambo jingine. Wakumbushe pia kwamba damu ya bluu haipo. Ni nyekundu iliyoiva.

Sasa filimbi. Kwa mapigo 75 kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.8: takriban 0.3 ventrikali zinabana, 0.5 zinalegea. Uwanjani livuteni liwe sekunde nane. Tatu za kubana, tano za kujaa, na vyumba vya juu vibane kwenye ile ya mwisho. Mitrali na trikuspidi zikifungwa, mabawa hayo yapige kofi: lub. Vali za aota na ateri ya mapafu zikifungwa, nao wapige: dub.

Raundi ya kwanza huharibika, na karibu kila mara kwa namna ileile: damu hupanga foleni moja, ikapita kulia yote, kisha ndipo kushoto ianze. Michoro ya vitabuni ndiyo huleta hilo, kwa sababu mshale ni mmoja. Simamisha mchezo. Ventrikali zote mbili zinabana kwa filimbi moja, kila upande ukisukuma takriban mililita 70. Zidisha kwa 75, ni lita tano na robo kwa dakika. Usiendelee mpaka kulia na kushoto watoke pamoja.

Wakishazoea, mnong'oneze bawa moja la mitrali lisifunge. Damu inarudi nyuma, nanyi pigeni “shwiii” kati ya lub na dub. Hiyo ndiyo sauti watakayoikuta wodini kwa watoto ambao maambukizi ya koo yaliwaachia vali mbovu.

Dakika arobaini zinatosha. Koti jeupe lisiwe sehemu ya maigizo, hasa lililotoka chumba cha kupasulia maiti. Kumi za mwisho kila mtu achore kwa kichwa, daftari limefungwa, na mwalimu anyamaze. Kisha swali moja kwa kila mmoja: wewe ni damu, uko kwenye vena ya mapafu, umevaa rangi gani, na mlango wa vali ulio mbele yako una mabawa mangapi? Anayesema bluu apewe kanga arudi kwenye kiti.