Sean Dyche kabla ya Burnley

Jana usiku nimerudia kuangalia nusu fainali ya Kombe la FA ya 1997, Chesterfield na Middlesbrough pale Old Trafford. Chesterfield walikuwa daraja la tatu jamani! Nahodha wao, beki wa kati Sean Dyche, anaweka mpira kwenye alama ya penalti, anapiga, 2-0. Nimeshangilia utadhani mechi ya leo. Ikaisha 3-3, Jamie Hewitt akisawazisha kwa kichwa mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza. Marudiano wakachapwa 3-0, imeniuma.

Wengi tunamjua Dyche kama kocha aliyeipandisha Burnley Ligi Kuu mara mbili, 2014 na 2016, kisha 2018 akamaliza wa saba. Mimi namheshimu kuanzia huko chini, alikokuwa akiondoa mipira ya juu bila kuremba.