Kubali Kutawadhwa Miguu

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kinachonilemea wiki hii ni orodha yetu ya maombi. Imejaa watu waliopasuliwa mguu na kurudishwa nyumbani: mmoja amenyooshwa kidole gumba, mwingine amewekwa vyuma baada ya kugongwa na bodaboda, mwingine ni mzee aliyesafishwa kidonda cha kisukari. Karibu kila jina limeandikiwa ombi lile lile, "Mungu ampe moyo mkuu." Ombi ni jema. Lakini tukishalisema tunamwacha mtu gorofa ya nne, jengo lisilo na lifti huko Pipeline au Zimmerman hapa Nairobi, maji ya mfereji yamekatika, naye anatakiwa atabasamu kwa sababu ameokoka.

Tafakari yetu iko Yohana 13. Bwana amejifunga kitambaa, amemimina maji katika bakuli, na Petro anavuta mguu wake nyuma. "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Maneno hayo yanafanana na unyenyekevu, na huenda Petro mwenyewe aliamini ni unyenyekevu. Lakini jibu la Yesu ni kali: "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Petro alikuwa tayari kufa kwa ajili ya Bwana, au ndivyo alivyosema usiku huo huo. Kupokea ndiko kulikomshinda.

Wengi wetu tuko hapo. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi usiku kwenda Marikiti kununua mboga, aliyelipia watoto karo na kubeba wazazi, leo anaambiwa asikanyage chini wiki sita. Ukimpigia simu anakwambia, "Niko sawa, msijisumbue." Hayuko sawa. Ameruka kwa mguu mmoja mpaka jikoni, amebeba sufuria ya chai huku magongo yakiwa kwapani, na kama hakuanguka ni rehema tu. Ndugu yangu, dada yangu, huko si kuwa na moyo mkuu, ni kuvuta mguu kama Petro. Furaha ya mgonjwa aliye nyumbani huanza siku anapokubali kutawadhwa.

Na kukubali kuna namna yake. Usiseme "mniombee tu." Sema, "Jumanne naomba ndoo mbili za maji," au "Naomba mtu anipeleke kliniki Alhamisi nikatolewe nyuzi." Mama mwenye kibanda aseme wazi kwamba kibanda kimefungwa na kodi inakuja, ili akina mama wa ushirika wapangane zamu za asubuhi. Watu wengi wana nia ya kusaidia ila hawajui pa kushika. Wape pa kushika.

Utii mwingine ni wa kulala. Elia alipochoka hadi akaomba kufa chini ya mretemu, malaika hakuanza na mahubiri. Alimgusa akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akarudi mara ya pili. Kwa aliyepasuliwa mguu, wiki mbili za kwanza kazi yake kubwa ni hiyo: kuinua mguu, kula na kulala. Kuinua maana yake ni mguu kuwa juu ya usawa wa moyo, yaani mtu amelala chali na mito miwili au mitatu, au blanketi lililokunjwa, vimepangwa chini ya shavu la mguu. Kuketi kwenye kochi na kuweka mguu juu ya stuli hakutoshi, kwa sababu damu na maji bado vinashuka. Kisigino kiachwe kikining'inia nje ya mto. Kikilalia mto siku nzima ngozi yake huchubuka na kupata kidonda kipya. Ukishusha mguu kwenda chooni utasikia ukipwita na kuuona ukibadilika kuwa mwekundu wa zambarau. Usiogope, ila usikawie. Rudi uuinue.

Usiku wa kwanza huvunja wengi moyo, na sababu yake inajulikana. Daktari akichoma sindano ya ganzi nyuma ya goti au kwenye kifundo, ganzi hiyo inaweza kukaa nusu siku hata siku nzima. Mgonjwa anafika nyumbani anacheka na wageni, anaona hana haja ya dawa, kisha saa nane usiku ganzi inaisha na maumivu yanaingia yote kwa pamoja. Dawa zianze kabla ganzi haijaisha, na zifuate saa zilizoandikwa, si kungoja mpaka mtu alie. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na dawa nyingi za mafua za dukani zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo usizichanganye. Ibuprofeni na diklofenaki zina madhara kwa mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo; mwulize daktari kwanza. Zile kali zaidi, kama tramadoli na kodeini, hufunga choo na kumfanya mtu awe mzito wa mawazo. Anza maji mengi, papai, sukuma wiki na ndengu siku ya kwanza, usingoje siku ya tano. Mayai, maharagwe, omena na maziwa ndiyo yanayojenga nyama na mfupa. Na anayevuta sigara aiweke kando kabisa, kwa kuwa moshi huchelewesha mfupa kuunga.

Hapa lazima niseme neno gumu. Kuna wanaokuja kwa mgonjwa na kumsomea habari za mfalme Asa, aliyeugua miguu katika mwaka wa 39 wa kutawala kwake akawatafuta waganga, na kumwambia kwamba dawa ni kukosa imani. Someni mstari wote, 2 Nyakati 16:12. Kosa la Asa ni kwamba hata katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana. Mfalme Hezekia alipougua alimwomba Bwana, nabii Isaya akamletea jibu la kupona, na Isaya huyo huyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na tiba vilikaa chumba kimoja. Yeyote anayemwambia mgonjwa atupe magongo, au avue buti ya daktari "kwa imani," anacheza na mguu ambao si wake. Muogopeni Mungu.

Jaribu kubwa zaidi, hata hivyo, huja mtu anapojisikia nafuu. Wiki ya pili nyuzi zinatolewa, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14. Ngozi imeshikana, maumivu yamepungua, na mtu anasema nimepona. Kila mkazi wa Nairobi amepita chini ya jengo linaloinuka na kuona miti iliyoshikilia slabu. Zege la juu limekauka, mtu anatembea juu yake, lakini fundi mwenye akili haondoi miti kabla ya wakati, maana nguvu ya zege haionekani kwa macho. Mfupa ni hivyo. Kwa wengi huchukua kama wiki sita kushika vya kutosha ili uanze kubebeshwa uzito, na mara nyingi hufika wiki kumi na mbili. Ukikanyaga kabla daktari hajaona picha na kukuruhusu, chuma hupinda, skrubu hukatika au hurudi nyuma, mfupa huhama, na unarudi mezani kupasuliwa upya. Uvimbe nao hukaa miezi, hata mwaka mzima, na huzidi jioni kuliko asubuhi. Kwa hiyo usijipime kila siku, utakata tamaa bure. Jipime Jumapili kwa Jumapili: wiki iliyopita niliweza nini, leo naweza nini.

Kuhusu magongo nitasema machache. Juu yake pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja, si kwapa. Gongo likikandamiza kwapa mishipa ya fahamu huumia na mkono hufa ganzi. Mpira wa chini ukilika, badilisha, maana sakafu ya vigae ikiloa haina huruma. Kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia, magongo na mguu mgonjwa hufuata. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Ukiogopa, keti kwenye ngazi upande au ushuke kwa makalio, ngazi moja moja. Hakuna aibu. Kwenye bafu weka kiti cha plastiki kisichoteleza, mguu ufungwe kwa mfuko wa plastiki na ubaki nje ya maji kabisa, kwa kuwa bandeji ikiloa ni mlango wa maambukizi. Na kwa choo cha kuchuchumaa, tafuta kiti cha choo cha kuazima. Usijaribu kuchuchumaa kwa mguu mmoja.

Sasa turudi kwa Bwana na bakuli lake, kwa sababu aliendelea kusema, "imewapasa vivyo kutawadhana miguu ninyi kwa ninyi." Tulio wazima, tunamtembelea mgonjwa namna gani? Tunakuja kumi na wawili, tunaketi kitandani, tunaomba kwa sauti hadi jirani anagonga ukuta, tunapikiwa chai na binti wa nyumba aliyekesha, tunaondoka tumebarikiwa. Mgonjwa anabaki na vikombe vichafu. Hilo tuliache. Njoo na mwenzako mmoja. Nawa mikono. Usiguse bandeji, usiketi kwenye kitanda kilichobeba mguu. Leta uji kwenye chupa ya chai na uuache karibu na mkono wake, pamoja na maji ya kunywa, simu ikiwa imechajiwa, na tochi, maana stima hupotea na mtu wa magongo gizani ni mtu wa kuanguka. Kunja mikeka na uondoe nyaya njiani. Fua, anika, chota maji. Kisha omba dakika tano.

Na kuna jambo moja ambalo karibu wote hulisahau: mguu wa pili, ule mzima. Huo ndio unaobeba mwili wote kwa wiki nyingi, na mwenyewe hawezi kuinama kuufikia. Chukua karai, maji ya vuguvugu na sabuni, umwoshe. Maji uyapime kwa kiwiko chako, hasa kwa mwenye kisukari ambaye huenda hasikii joto. Kausha katikati ya vidole, angalia kisigino na unyayo kama pana mchubuko au lengelenge, paka mafuta ngozi lakini si katikati ya vidole. Ukiona kidonda, mwambie, na daktari aambiwe. Ndugu zangu, tumehubiri Yohana 13 miaka mingi, na hii hapa imetuletewa mlangoni bila mfano wowote. Paulo anasema kichwa hakiwezi kuiambia miguu, "Sina haja na ninyi." Basi na sisi tusiseme hivyo kwa kutokuja.

Mkija, mje pia wiki ya tatu na ya nne. Wiki ya kwanza nyumba imejaa. Wiki ya tatu simu zimekoma, pesa zimeisha, na usiku umegeuka mchana kwa sababu mtu amelala saa zote. Ndipo huzuni huingia. Mgonjwa, fungua pazia asubuhi, nawa uso, badilisha nguo hata kama huendi popote, amka saa ile ile kila siku. Chezesha vidole vya mguu na kunja goti kila saa ukiwa macho, kama umeruhusiwa, ili damu isigande. Usiku ukikawia, mwenye zaburi ya 42 aliihoji nafsi yake kwa sauti: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?" Hakujifanya hana huzuni. Lia, kisha jiambie tena, "Umtumaini Mungu." Na huzuni ikizidi wiki mbili, ukaacha kula au ukatamani kufa, mwambie daktari kama unavyomwambia habari za kidonda. Mchungaji pia aambiwe.

Haya yafuatayo hayangoji maombi ya Jumatano. Shavu la mguu likivimba, likawa moto na kuuma. Vidole vikiwa baridi, vya bluu au vimekufa ganzi ndani ya plasta, na maumivu hayasikii dawa. Homa ikizidi 38, wekundu ukipanda, usaha au harufu ikitoka: hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikiuma ghafla na pumzi kukatika, ni dharura, ita gari sasa hivi. Tutaomba ukiwa njiani.

Ukiruhusiwa kutoka, njoo kanisani kwa gari au teksi, usipande bodaboda, na matatu ziache mpaka uweze kupanda ngazi yake bila kusukumwa. Wahudumu wa mlangoni wataandaa viti viwili mbali na njia, kimoja chako na kimoja cha mguu, na mto juu yake. Mguu ukianza kupwita kabla ya mahubiri kuisha, nenda nyumbani ukaulaze. Na wakati wa kusimama kuimba, imba ukiwa umeketi.